Baraka Iliyokatwa na Mvua

Kila alasiri mawingu yakikusanyika juu ya Kimumu, Mama Linet huanua nguo, hufungia kuku, kisha huingia sebuleni na kuchomoa kompyuta. Radi iliwahi kuunguza televisheni yao. Tangu siku hiyo mumewe, Mzee Isaiah, alikuwa akisema, "Mvua ikinguruma, chomoa kila kitu." Mzee sasa amelala kaburini, lakini neno lake mjane wake bado analishika.

Jumamosi ilikuwa koito ya Linet, siku ya wakwe kuja na wazee kumbariki binti. Baba hangekuwepo. Lakini kabla hajafariki, Dennis, kaka yake Linet, alimrekodi akimbariki binti yake. Baadaye simu ya Dennis iliibwa. Video ilibaki kwenye mtandao tu, na linki yake ingefungwa Ijumaa.

"Video imekataa kushuka tena," Linet alisema Jumatano jioni. "Sasa kompyuta inasema imejaa. Wacha nifute hizi picha za zamani."

"Picha gani?"

"Za Baba akiwa hospitali."

Mama alimshika mkono. "Usiguse! Mwite Warigia."

Warigia ni jirani yao, mwenye saiberi, duka la intaneti, karibu na kanisa. Alivua viatu vya matope mlangoni akaketi.

"Auntie, nafikiri ni virusi," Linet alisema. "Hapa naambiwa nibonyeze nisafishiwe kompyuta."

"Ukibonyeza kila kinachong'aa, utajipeleka kwa mwizi. Funga hiyo." Warigia alifungua ukurasa mwingine. Ulikuja mara moja. "Mtandao uko sawa. Video ikifika wapi ndiyo inakatika?"

"Sijui. Nikienda kazini naiacha ikipakua. Nikirudi napata kompyuta imezimwa."

Mama Linet alitazama soketi.

"Ni mimi," alisema polepole. "Mvua ikija, nachomoa."

Warigia aligeuza kiti akamtazama.

"Mama Linet, hukukosea kuogopa radi," Warigia alisema. "Lakini kompyuta hii haina betri. Ukichomoa ghafla, video inakatika katikati, na hata faili zingine zinaweza kuharibika. Izime kwanza kutoka ndani. Ikishalala kabisa, chomoa. Na kazi kubwa kama hii ianze asubuhi, mbingu ikiwa safi."

Kisha akamwonyesha Linet mahali vitu vilivyopakuliwa hukaa. "Ona, hivi vipande vya video iliyokatika ndivyo vimejaza kompyuta. Futa hivi. Picha za Baba ziache."

Alhamisi asubuhi Linet aliomba ruhusa kazini. Mama aliketi kando ya kompyuta na Biblia yake mpaka video ikaisha kushuka.

"Imefika!" Linet alipiga makofi.

"Ngoja kwanza," alisema Warigia, aliyekuwa amepita kuangalia. "Icheze mpaka mwisho, tujue ni nzima."

Mama alitoka nje. Hakutaka kuisikia kabla ya wazee.

Video ilikuwa nzima. "Sasa inakiliwe kwa flashi mbili, pamoja na picha zote," Warigia alisema. "Moja ikae hapa, nyingine kwangu. Nyumba hii ikiungua je?"

"Shindwe!" Mama Linet alijibu akiwa mlangoni.

"Shindwe, lakini tunakili. Na wewe Linet, flashi haing'olewi kama karoti. Ambia kompyuta kwanza kwamba unaitoa."

Jumamosi wakwe walipoketi, mbingu ilinguruma. Mama Linet aliinuka. Alizima kompyuta kutoka ndani, akangoja ilale, akachomoa. Wageni walitazamana.

Linet alichomeka flashi kwenye laptopu ya Dennis, ambayo ina betri. Radi ilipasuka, taa zikazimika mtaa mzima. Uso wa Mzee Isaiah ukaangaza chumba.

"Linet, binti yangu," sauti yake ilisema, "enda na Mungu."

"Amina," wazee wakaitikia, kana kwamba ameketi nao. Mama Linet aliitikia pia, waya ukiwa bado mkononi mwake.