Mluzi Kwenye Ukungu

Aron alipiga mluzi mmoja, ikarudi miwili.

Akasimama njiani, mkono umeshika mti. Mwenye mluzi wa kwanza alimjua: Kristian, mpishi wao, aliyekuwa akifunga msafara nyuma ya wageni wawili kutoka Dodoma. Wa pili ulitoka nyuma zaidi, mwembamba, pumzi nyingi kuliko sauti. Aron akajiambia ni ndege. Mtu akitaka kujidanganya hakosi ndege wa kumsingizia.

Ilikuwa siku ya kwanza ya mzunguko wao: kutoka Soni kupanda msituni, kulala, kuvuka majabali, kisha kurudi Soni kwa upande wa pili. Waongozaji wa huko, kama Aron, wana sharti lao. Ukungu ukishuka, hakuna kuitana majina. Ni miluzi tu. Ukisikia jina lako ukunguni, usiitike. Binadamu angepiga mluzi. Huyo ni jini anayetafuta nyumba ya kuhamia.

Masika yaliyopita aliyefunga msafara alikuwa Selemani, rafiki yake wa tangu utotoni, mtu wa kutafuna iliki kutwa nzima. Pale jabalini ukungu ulishuka, na Aron akasikia anaitwa. Hakuitika. Wenzake walimsifu kwa kushika sharti. Kumbe Selemani alikuwa ameteleza, ananing'inia kwenye mzizi, na mdomo uliokaushwa na hofu haupigi mluzi. Aron aliijua ile sauti. Aliijua vizuri kabisa, ila jabali lilikuwa limelowa naye aliogopa kufa, basi akajificha nyuma ya sharti hadi Selemani akaanguka. Tangu siku hiyo hakula chakula kikamkaa.

Jioni, kambini, Kristian aliinua pua juu ya sufuria.

"Kaka Aron," alinong'ona, "umetia iliki kwenye chai?"

"Sijatia kitu."

"Hata mimi. Mbona inanukia?"

"Kunywa, unyamaze."

Kesho yake ukungu uliwakuta katikati ya jabali. Aron aliwaketisha wageni, akarudi nyuma kumfuata Kristian, na kila alipoweka mguu alisikia mguu mwingine ukiwekwa nyuma yake, taratibu, na harufu ya iliki ikazidi hadi ikamkaa kooni, na mzizi mmoja ukingoni ukawa unatikisika ingawa upepo haukuwapo, kisha kutoka chini yake, kwa upole wa mtu asiyetaka kusumbua, sauti ikasema:

"Aron. Nipe mkono, ndugu yangu."

Kristian alimshika shati. "Kaka, unaitwa wewe."

"Usiitike!" Aron alifoka. "Binadamu angepiga mluzi!"

Jabali likanyamaza. Walipokwisha kusahau kungoja mwangwi, maneno yale yakarudi kutoka chini, moja moja, kama mtoto anayejifunza kusoma. Yalirudi kwa sauti ya Aron mwenyewe.

Siku ya mwisho waliteremka Soni, wageni wakaagana nao. Kando ya barabara alikaa Salama, mjane wa Selemani, akipanga kabichi zake.

"Shemeji, mmerudi? Pale mlipita?"

"Tulipita."

Alifuta mikono kwenye kanga. "Niambie kitu kimoja tu, moyo wangu utulie. Siku ile, hukuisikia sauti ya mume wangu?"

Ukweli ulimfika Aron ulimini. Alimtazama yule mama, akaona aibu, akaumeza.

"Nilisikia jini, shemeji."

"Haya. Mungu ndiye ajuaye."

Palepale harufu ya iliki ikakatika. Aron akashusha pumzi. Nimeachwa, aliwaza, na akaona haya kwa jinsi alivyofurahi. Akapanda njia ya kwao huku ukungu wa magharibi ukishuka mashambani.

Mlango ulikuwa umefungwa, taa inawaka ndani.

"Eliza! Nifungulie, mke wangu."

Alisikia kandambili za mkewe zikija mlangoni. Kisha, ndani, mwanamume akakohoa. Akasema kwa sauti ya Aron, sauti ya mtu aliyekwisha kuvua viatu na kula:

"Usiitike, Eliza. Binadamu angepiga mluzi."

Kandambili zikarudi nyuma. Chini ya mlango ikapita harufu ya iliki.

Aron akakusanya midomo apige mluzi. Ikatoka pumzi tupu.