Simu ya Arlene, Masikio ya Norbert

Jumamosi ile ukumbi wa chini wa maktaba ya Bay View, mjini Milwaukee, Marekani, ulijaa kama kituo cha basi siku ya sikukuu. Watu wenye mvi walipanga foleni toka mlangoni hadi kwenye ngazi, kila mmoja na mgonjwa wake mkononi: huyu ana kompyuta inayojizima yenyewe, yule ana simu iliyovimba picha za wajukuu, mwingine amebeba rimoti tatu za televisheni moja. Ilikuwa siku ya Klabu ya Kompyuta kusaidiana.

Norbert Zielke alikuwa anarudi mezani kwake na kikombe cha kahawa wakati kitu kigumu kilipomgonga magotini. Kahawa iliruka, ikatua kwenye sweta yake ya kijani. Alipoinua macho aliona kigari cha sokoni, na ndani yake printa iliyofunikwa blanketi. Nyuma ya kigari alisimama mwanamke mrefu mwenye koti jekundu na kofia ya sufu, na hereni kubwa za fedha zilizokuwa bado zinabembea kwa ule mshtuko.

"Jamani, nimekuua!"

"Bado," Norbert alisema, akijipangusa. "Ila umeniogesha."

"Nisamehe, baba. Breki za kigari hiki ni kama za marehemu mume wangu, zinashika zikipenda zenyewe."

"Na huyu wa ndani ya blanketi?"

"Nje kuna theluji. Ameshaumwa vya kutosha, sitaki apate na mafua."

Norbert alicheka mpaka mwenyewe akashangaa. Tangu mkewe afariki, miaka minne sasa, kicheko chake kilikuwa cha adabu tu, cha kuwafurahisha watu. Hiki kilitoka tumboni.

Alimkaribisha mezani. Klabuni kulikuwa na kanuni: anayesaidia huweka mikono nyuma, na mwenye kifaa ndiye anayebonyeza, ndiye anayefungua, ndiye anayekosea, ili ajifunze. Simu ya anayesaidia huzimwa, ili akili yake yote iwe kwa mgonjwa aliye mbele yake. Norbert alizima simu, akaweka mikono nyuma.

"Anaumwa nini?"

"Anatoa karatasi nyeupe. Nimemlisha wino mpaka nimechoka."

"Mfungue kifuani. Hapo. Toa chupa ya wino. Hiyo karatasi ya rangi ya machungwa iliyobandikwa chini yake ni ya nini?"

"Si ndivyo ilivyokuja?"

"Ndivyo ilivyokuja. Lakini mtoto hanyonyi chupa yenye kifuniko, bibie."

Aliibandua, na printa ikakohoa, ikatoa ukurasa mzima wa sala ya asubuhi aliyotaka kuwagawia wenzake kanisani. Arlene Fontaine, ndilo lilikuwa jina lake, alipiga makofi mpaka ukumbi mzima ukageuka. Norbert aliusoma ule ukurasa, akajisemea moyoni kwamba anayechapisha sala kwanza kabla ya kitu kingine hawezi kuwa mtu mbaya.

Basi ikawa hivyo. Nyumba ya Arlene ilikuwa imejaa vitu vyenye ukaidi, na Norbert, mwalimu wa muziki mstaafu, hakuwa na la kufanya siku za kazi. Leo ni intaneti inayokatika, kesho ni neno la siri lililosahaulika. Baadaye hata vitu vizima vilianza kuumwa.

"Norbert, saa ya jiko inawaka-waka," alimpigia siku moja.

"Hiyo si kompyuta, Arlene."

"Najua. Lakini nimepika supu ya njegere."

"Nakuja sasa hivi. Saa ikiwaka-waka ni hatari."

Kila Ijumaa walikwenda pamoja kula samaki wa kukaanga kwenye ukumbi wa parokia, kama nusu ya mji ule inavyofanya. Walikaa meza moja karibu na jiko, wakagombania chapati za viazi. Arlene alivaa gauni la buluu iliyokolea. Norbert alirudia kuvaa tai aliyodhani amesahau kuifunga.

"Leo umependeza, mpenzi," Arlene alimwambia Ijumaa moja, akichovya mkate. Neno "mpenzi" lilimtoka kama linavyomtoka mtu anayeomba chumvi, lakini Norbert hakulala vizuri usiku ule kwa furaha.

Sasa, Norbert alikuwa anavaa vifaa vya kusikia, viwili vidogo vya kijivu nyuma ya masikio. Siku moja simu ya Arlene ilikataa kuungana na spika ya jikoni.

"Tujue kwanza mgonjwa ni simu au ni spika," Norbert alisema. "Iunganishe na kitu ninachojua ni kizima. Iunganishe na masikio yangu."

"Masikio yako yanaungana na simu?"

"Ya kizee haya yana mambo. Bonyeza hapo."

Arlene alibonyeza, akaweka wimbo, na Norbert peke yake akausikia, akaanza kutikisa kichwa jikoni penye kimya. Arlene alicheka mpaka akashika meza. Waligundua mbovu alikuwa spika, wakanywa chai, na hakuna aliyekumbuka kuyaondoa masikio ya Norbert kwenye simu ya Arlene. Halikuleta shida. Masikio yale yalimjua bwana wao: simu ya Norbert ikiwa imewashwa, yalishikamana na hiyo tu.

Wiki chache baadaye Norbert aliamka alfajiri, akapiga magoti, akamwomba Mungu ujasiri. Ijumaa ijayo, pale karibu na jiko, alikuwa amekusudia kumwambia Arlene neno moja zito. Aliondoka kwenda klabuni akiwa mwepesi kama kijana, akazima simu yake, akaketi.

Arlene alikuwapo, amekuja tu kumletea keki ya tufaha. Simu yake ikaita. "Ni dada," alisema, akatoka hadi kwenye ngazi.

Ghafla sauti ya mwanamke ikajaa masikioni mwa Norbert.

"Arlene, habari njema! Mpwa wa jirani yako amekubali kununua nyumba! Saini tu inatakiwa, halafu unakuja Arizona kwangu, kwenye jua, kama ulivyoniahidi. Na yule mzee wako wa kompyuta, usimwambie bado, unanisikia? Mwache kwanza akumalizie kuhamisha zile picha. Wajane nawajua mimi. Akijua unaondoka hatarudi hata kuchomoa waya. Akimaliza, ummwage taratibu."

Kule kwenye ngazi Arlene alikuwa anapaza sauti: "Haloo? Bernadine? Sikusikii! Haloo!" Lakini Bernadine alikuwa mtu wa kusema bila kuvuta pumzi. Norbert alielewa mara moja kilichotokea. Mkono wake ulitakiwa kwenda sikioni. Haukwenda. Alisikia yote, mpaka simu ilipokatwa.

Keki ilikaa mezani bila kuguswa. Alisema kichwa kinamuuma, akaenda nyumbani.

Wiki ile hakupokea simu. Arlene aliacha ujumbe: "Norbert, printa inakusalimu." Kisha: "Norbert, saa ya jiko inazidiwa." Kisha, kwa sauti ndogo: "Norbert, kuna nini?" Picha alimtuma Gus Petrakis, mwenyekiti wa klabu, akazihamishe. Ijumaa ilipofika alikaa nyumbani akala mkate na jibini. Kila alipotaka kusali aliona haya, maana angesema nini? Kwamba Mungu alikuwa amemfungia masikio nusu, na yeye akalipa yafunguliwe, ili asikilize yasiyomhusu? Usiku wa Ijumaa aliungama hivyohivyo.

Jumamosi alirudi klabuni kwa kuwa aliahidi, na ahadi ni ahadi.

"Namba kumi na nane!" Gus aliita.

Koti jekundu likaketi mbele yake. Kanuni hazikumruhusu kuchagua mgonjwa. Norbert aliweka mikono nyuma.

"Habari za asubuhi, Bwana Zielke," alisema Arlene. Leo hakuvaa hereni.

"Nzuri, Bibi Fontaine. Tatizo ni nini?"

"Simu. Nyumbani ni nzima kabisa. Nikija hapa klabuni nikipigiwa, inakuwa bubu. Wiki iliyopita dada alinipigia, sikusikia hata neno. Na leo asubuhi, nikiwa kwenye foleni, imekuwa vilevile. Gus ameangalia, ameshindwa."

Kweli, dakika chache tu kabla Norbert alikuwa amesikia masikioni mwake "Haloo, Arlene?" na safari hii alivichomoa vifaa vyake kwa haraka kama anayeungua, hakuvirudisha mpaka alipoona Arlene amerudisha simu mfukoni.

Dawa alikuwa nayo. Angemwonyesha pa kubonyeza, angefuta jina la masikio yake kimya kimya, na Arlene angeondoka amepona bila kujua alikuwa anaumwa nini. Norbert alisali sala fupi kuliko zote za maisha yake: Bwana, nisaidie.

"Simu yako si bubu, Arlene. Inaongea nami. Tuliiunganisha na masikio yangu siku ile ya spika. Hapa ukumbini yangu ikizimwa, masikio yanaifuata ya kwako."

Arlene alimtazama. Alitazama simu. Akamtazama tena.

"Kwa hiyo ulimsikia Bernadine."

"Nilimsikia."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho. Ningeweza kuvitoa, sikuvitoa. Ni kosa langu, na nimeliungama."

"Umeliungama kwa nani?"

"Kwa Mungu."

"Yeye hakukaa peke yake Ijumaa na sahani ya samaki!" Arlene alipiga meza, rimoti ya mtu ikaruka. "Mimi ndiye niliyekaa! Watu wanapita wananiuliza, mzee wako yuko wapi, nawaambia ana mafua! Nimekudanganyia mafua, Norbert!"

"Nisamehe."

"Alisema nini huyo Bernadine?"

Norbert alimwambia yote, hata habari ya kummwaga baada ya picha. Arlene alijifunika uso kwa mikono, na Norbert hakujua analia au anacheka.

"Picha zimeshahama," alisema ndani ya viganja vyake. "Gus ameziweka miguu juu, kichwa chini."

"Na kuhama kwako ni kweli?"

Aliteremsha mikono. "Nilimwahidi dada kabla sijakugonga na kigari. Nilikuwa peke yangu, theluji ilinichosha, nikasema sawa. Jumatatu natakiwa kutia saini."

"Mbona hukuniambia?"

"Kwa sababu ungesema 'baki' kwa hofu, kama mtu anayekimbilia basi linaloondoka. Mimi nilitaka kuambiwa 'baki' na mtu anayedhani siendi popote." Macho yake yalikuwa yamelowa. "Nilisubiri, Norbert. Kila Ijumaa nilisubiri. Wewe ukanipa chapati za viazi."

Kabla Norbert hajafungua mdomo, simu iliwaka juu ya meza. Bernadine. Arlene aliipokea, akaisogeza sikioni, akaishusha.

"Haya. Bubu tena. Anasemaje?"

"Anauliza kwa nini unamkatia simu."

"Mjibu basi! Si masikio ni yako?"

Norbert aliinama karibu na simu. Foleni ilikuwa imesogea kusikiliza. Hata Gus alikuwa ameshusha karatasi ya namba.

"Haloo, Bernadine. Arlene hakusikii. Anayekusikia ni mimi, Norbert." Alisikiliza. "Ndiyo, wa kompyuta... Hapana, sivuti sigara... Kila Jumapili, na Jumatano nafundisha kwaya... Ndiyo, nilisikia. Naomba radhi... Hapana, hukunikosea. Ungekuwa dada yangu ningetaka unilinde hivyohivyo."

Akasikiliza tena, safari hii kwa muda zaidi. Uso wake ulibadilika rangi.

"Anauliza nini?" Arlene alinong'ona.

"Anauliza nia yangu." Norbert alinyoosha mgongo kama alivyokuwa akifanya mbele ya bendi ya shule. Kisha aliongea na simu, lakini alikuwa anamtazama Arlene. "Nia yangu ni kumuoa dada yako, kama atanikubali. Si kwa sababu anahama. Kabla sijasikia neno lolote la Arizona nilikuwa nimeshakwenda kwa padri kuuliza siku zilizo wazi. Alisema mwezi wa tano. Nilikuwa nimwambie Ijumaa ile, karibu na jiko, na badala yake nikakaa nyumbani kama mjinga."

"Padri alijua kabla yangu?" Arlene alisema.

"Padri na Mungu. Na sasa Bernadine."

"Na foleni nzima!" mama mmoja alisema kutoka nyuma.

"Anasemaje dada?"

"Anauliza umejibu nini."

Arlene alivua kofia yake, akaiweka magotini, akaikunja, akaikunjua.

"Mwambie Jumatatu sitii saini," alisema taratibu. "Mwambie namwomba msamaha kwa ahadi niliyovunja. Mwambie theluji ikizidi tutakwenda kwake wawili, atuandalie kitanda. Na mwambie," akaiweka kofia mezani, "mwezi wa tano unanifaa."

Norbert alirudia kila neno kwenye simu. Lile la mwisho alilirudia mara mbili, maana la kwanza halikutoka vizuri.

"Jamani hongereni sana," alisema yule mama wa nyuma, "lakini mkishamaliza kuoana, kuna watu hapa tuna printa!"

Ukumbi uliangua kicheko, Gus akaanza kupiga makofi, na wote wakafuata.

"Sasa anasema nini?" Arlene aliuliza katikati ya kelele.

"Hasemi. Analia."

"Analia vizuri au vibaya?"

"Nitajuaje? Dada ni wako."

Arlene alivuta kiti chake, akazunguka nacho upande wa pili wa meza, akaweka sikio lake juu ya sikio la Norbert, akatulia, akasikiliza.

"Sisikii kitu," alisema.

Lakini hakuondoa shavu lake.