Nani Alimaliza Mapacha?

"Kipa Mlevi ndiyo gemu mbaya kuliko zote duniani," Thok alisema, akairusha pedi ya kuchezea mezani.

"Pedi yangu umenunua wewe?" nikamuuliza.

"Maleshi, samahani, dada Jovia. Lakini angalia mwenyewe. Kipa anashika mpira, halafu anaingia nao golini kwake. Hiyo ni gemu?"

Kibanda hiki cha gemu ni changu, hapa mtaa wa Munuki, nyuma ya steji ya boda. Nina mashine mpya mbili, na ile ya zamani ya kaseti niliyoachiwa na kaka yangu Kizza aliporudi Uganda. Kaseti zake majina yamefutika, tumezibatiza wenyewe. Na Jumamosi isiyo na mpira wa Ulaya, kazi yetu ni kubishana: ipi ni mbovu kuliko zote?

Siku hiyo tulikuwa wanne. Thok, mwendesha boda. Mimi. Albino, hilo ni jina lake la ubatizo, fundi simu, mchumba wangu. Na Lilly, rafiki yangu wa damu, msimamizi wangu wa harusi, amekaa pembeni anashona wigi. Lilly hajawahi kugusa pedi mbele yangu. Mambo ya watoto, husema.

"Gari Bila Breki inaishinda," nikasema. "Unagonga mti, huumii. Unarudi barabarani, barabara tupu, unakufa."

"Nyinyi wote hapana jua gemu," Albino akasema. "Mbaya kabisa iko Mapacha."

Nilicheka, maana nilijua ananichokoza. Mapacha ni yetu. Gemu hiyo huwezi kuicheza peke yako: kila mlango unataka mapacha wote wawili wasimame mbele yake, na umeme ukikatika unaanza upya. Hapo ndipo mimi na Albino tulipopendana. Jenereta ilituzimikia tukiwa karibu na mlango wa mwisho, akanishika mkono gizani akasema, "Tutaimaliza tukishaoana. Wewe usicheze na mtu, na mimi sitacheza na mtu." Wateja wameniomba kaseti hiyo mpaka wamechoka, nimewanyima. Ujinga, najua. Kila wapendanao wana ujinga wao, na huo ulikuwa wetu. Na kesho ya Jumamosi hiyo tangazo letu la ndoa lilikuwa lisomwe kanisani mara ya tatu, ya mwisho.

"Haya, mbaya kwa nini?" nikamuuliza.

"Mwisho wake. Unasumbuka mchana mzima, mlango wa mwisho unafunguka, ndani iko nini? Mafi. Hakuna kitu. Bibi kizee anakupungia mkono, kalas, imeisha, gemu inarudi mwanzo."

Nikaacha kucheka.

"Mwisho umeuonaje, Albino?"

"Watu wanasema."

"Watu gani? Kaseti iko moja, na iko kwangu."

"Ile siku nilichukua mashine na kaseti kutengeneza. Nilijaribu kidogo, peke yangu."

Thok akaangua kicheko. "Peke yako? Ule mlango wa kwanza tu unataka watu wawili."

"Pedi ingine nilibonyeza na mguu."

"Mguu huo uupeleke mashindano."

Mimi sikucheka. Nilikuwa namwangalia mwanaume niliyemfulia mashati, anatoka jasho kwa swali la gemu.

"Ulicheza na nani?" nikauliza.

"Jovia, wacha maneno. Gemu yenyewe takataka. Siku niliyopotezea pale naijutia mpaka leo."

"Unaijutia?"

Sauti hiyo haikuwa yangu. Ilikuwa ya Lilly.

"Lilly, nyamaza," Albino akasema.

"Sinyamazi. Siku ile haikuwa takataka. Yule bibi alipopunga mkono ulitoa machozi, Albino. Ukaweka kichwa hapa mapajani kwangu, ukasema tangu uzaliwe hujafurahi hivyo. Leo mbele ya watu mimi nimekuwa takataka?"

Kisha akasikia alichokisema. Akafunika mdomo. Lakini maji yakimwagika hayazoleki.

"Wapi?" nikamuuliza.

"Dada..."

"Usiniite dada. Wapi?"

"Kwangu. Jebel."

"Ilikuwa mara hiyo moja?"

Lilly akamtazama Albino, Albino akatazama chini. Nikapata jibu langu.

"Jovia mpenzi, ni gemu tu," Albino akaanza.

"Ingekuwa gemu tu ungecheza na Thok."

"Mimi ni mwanaume, nilikosea. Usiniaibishe mbele ya mteja."

"Mteja amekuuliza tu, wewe ukamjibu uongo wa mguu. Toka. Na wewe Lilly, beba wigi lako, lile gauni la usimamizi lirudi kwangu leo hii."

Walitoka, huyu kulia, yule kushoto, hawakuangaliana. Thok alitaka kusema neno la kunifariji, nikamwambia acheze bure mpaka achoke, mradi asiongee na mimi.

Jioni simu haikutulia. Albino akaandika: *"Nisamehe. Shetani alinipitia."* Nikasoma, nikaona huyo shetani naye anasingiziwa mno. Akaandika tena: *"Kesho usiseme kitu kanisani. Tusomwe kwanza, tutaongea nyumbani."* Sikumjibu. Halafu akapiga shangazi Norah kutoka Masaka, kwetu Uganda. Alikuwa ameshapigiwa na Albino, anajua kila kitu.

"Mwanangu, vumilia. Gomesi zetu za kuvaa harusini zimeshashonwa, basi la safari tumeshakodi. Wanaume wote ni hao hao."

"Shangazi, kama wote ni hao hao, kwa nini nifunge safari ya kanisani kumchukua huyu?"

"Utatuaibisha."

"Aliyeaibisha ni yeye. Mimi nakataa tu kumbebea aibu yake."

Akakata simu. Nililia, sitadanganya. Nililia kwa hasira, na kwa sababu nilikuwa bado nampenda, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

Asubuhi nikaenda misa. Albino alikuwa benchi la mbele, suti mpya, akageuka akanitabasamia. Kimya changu cha usiku alikihesabu kuwa msamaha. Ningeweza kumwona padri faraghani, mambo yakaisha polepole. Lakini tabasamu lile lilinichoma.

Katekista siku hiyo alikuwa mgeni, mzee aliyetumwa kutoka Gumbo. Akavaa miwani, akasoma majina yetu mawili taratibu.

"Hili ni tangazo la tatu," akasema. "Yeyote anayejua kizuizi cha ndoa hii, aseme."

Nikasimama.

"Ninakijua. Bwana harusi ana mwanamke mwingine, na mwanamke huyo ndiye angesimamia harusi."

Kanisa likavuma. Albino akainamisha uso. Mzee akavua miwani, akaniangalia kwa ukali wa mtu anayelinda ndoa za watu.

"Binti, hayo ni maneno mazito. Wewe ni nani kwao?"

"Mimi ndiye bibi harusi."