Jicho Moja Lililobaki

Mwaka 1995, hakuna mtu katika kijiji cha Kagerankanda, Kigoma, aliyewajua nyuki kumshinda Melkiadi Nkunzimana. Mizinga yake ilining'inia juu ya miti porini. Usiku wa kurina asali alipanda na mwenge wa moshi, akatoa masega, akashuka. Mkewe, Immakulata, hakuwahi kwenda naye, kwa sababu kurina ilikuwa kazi ya wanaume.

Melkiadi alikuwa na ugonjwa wa kisukari. Miaka mitano nyuma daktari alimkataza sukari, naye hakuwa mkaidi. Aliacha sukari siku ileile. Tangu hapo chai yake aliitia asali, vijiko vitatu.

"Daktari alisema sukari," aliwaambia watu. "Asali hakuitaja."

Maskini Melkiadi! Utii wake ndio uliomponza.

Jicho la kushoto lilianza kuona vidoadoa vyeusi vinaelea, kama masizi. Akalitia asali, maana kwao asali ilikuwa dawa ya kila kidonda. Asubuhi moja aliamka, jicho limezimika kabisa. Ndipo Immakulata alipomshika mkono, wakaenda Kasulu kwa Zena, muuguzi wa macho.

Zena alimtia matone ya kupanua mboni. Akasubiri, kisha akamulika ndani ya jicho kwa kifaa kidogo chenye taa na lenzi. Alitazama la kushoto, kisha la kulia.

"Mzee Melkiadi, sitakuficha," alisema mwishowe. "Hili la kushoto limekwisha. Damu imevuja ndani, na utando wa nyuma unaoshika picha umebanduka. Mlichelewa."

"Nilikuwa naona, nesi. Ningekuja kufanya nini?"

"Ndivyo kisukari kinavyotudanganya. Huharibu mishipa midogo ya jicho polepole, bila maumivu. Mwenye kisukari apimwe macho kila mwaka, hata kama anaona vizuri. Na asali nayo ni sukari, mzee. Mwilini ni yaleyale."

Melkiadi aliinamisha kichwa. Aliona aibu mbele ya mkewe.

"Na la kulia?" aliuliza Immakulata.

"Limeanza njia ileile, lakini linaweza kuokolewa. Mwende Dar es Salaam, kwenye mashine ya leza."

"Watamng'oa jicho?"

"Hapana, mama. Hawatumii kisu. Leza ni mwanga mwembamba, mkali sana. Daktari huupiga nyuma ya jicho ili mishipa mibovu isiendelee kuota na kuvuja. Atamtia matone ya ganzi, atamweka kidevu kwenye mashine, atamwekea kioo kidogo juu ya jicho. Baba ataona mimweko mingi. Wengine husikia kichomo. Siku ya kwanza ataona ukungu, halafu utapungua. Ila akisikia maumivu makali, au giza likishuka kama pazia, arudi hospitali upesi. Na atarudia mara mbili au tatu."

"Halafu nitaona kama zamani?" aliuliza Melkiadi.

"Hapana."

"Nitaona kuliko leo?"

"Hapana, mzee. Leza hairudishi kilichopotea. Inalinda kilichobaki. Na ina hasara yake. Huenda ukaona kwa shida pembeni, na gizani zaidi."

"Gizani?" Melkiadi aliinuka kitini. "Nesi, mimi narina usiku! Ukininyima usiku, umenikata mikono."

"Najua. Lakini bila leza utapoteza usiku na mchana."

Melkiadi alirudi nyumbani na hasira. Alikataa safari. Mwezi mzima alipanda miti kwa jicho moja, na Immakulata hakupata usingizi. Kisha siku moja, mchana kweupe, masizi yakaanza kuelea katika jicho la kulia. Mwanaume yule alilia waziwazi mbele ya mkewe.

"Mama Jeanne," alisema, "tufunge safari."

Walipanda gari moshi Kigoma hadi Dar es Salaam. Hospitalini mambo yakawa kama Zena alivyosema. Matone. Kidevu juu ya mashine. Kioo.

"Usitikisike, baba. Tazama mbele," alisema daktari.

Mwanga wa kijani ulipiga, ukapiga tena. Mara nyingine kichomo kilipenya hadi kisogoni, na Melkiadi alizidi kushikilia mashine kwa mikono miwili. Alipotoka hakuona kitu ila ukungu.

"Wamenimaliza," alisema. "Nirudishe nyumbani."

Immakulata naye aliogopa. "Zena alitwambia kuhusu ukungu, Baba Jeanne. Tungoje kesho."

Kesho yake ukungu ulipungua. Wakarudi mara ya pili na ya tatu.

Kagerankanda majirani walikuja mbio wakitarajia muujiza.

"Umepona?" waliuliza.

"Sijapona," alijibu Melkiadi. "Sijapofuka."

Usiku kweli ulimponyoka. Jua likizama, alitembea kwa kupapasa ukuta. Chai alikunywa chungu, dawa alimeza kila siku, na Zena alipompangia tarehe ya kupimwa, hakukosa. Lakini msimu wa asali ulipofika, mizinga ilijaa na hapakuwa na wa kurina. Melkiadi alikaa siku nzima kalipa pori mgongo.

Immakulata alijifunga khanga kiunoni. "Nifundishe," alisema.

"Wewe? Mwanamke apande mtini kurina asali?"

"Nyuki watauliza?"

Melkiadi aliinuka, akaleta kamba na mwenge. Siku tatu, mchana, alimfundisha kufunga kamba, kupuliza moshi, na masega yapi awaachie nyuki. Usiku wa nne Immakulata alienda porini na wifi yake, Rosa. Melkiadi alibaki nyumbani gizani, roho mkononi.

Walirudi asubuhi na ndoo mbili. Uso wa Immakulata ulikuwa umevimba, jicho moja limefumba. Melkiadi alimkalisha nje, juani, akamshika kidevu. Miiba ya nyuki ilikuwa imeganda shavuni, midogo, myeusi. Akaanza kuikwangua kwa ukucha, mmoja mmoja.

"Unaiona kweli?" aliuliza Immakulata.

"Naiona," alisema Melkiadi. "Tulia. Upo mwingine hapa, chini ya jicho."