Santuri za Madam Vera

Jua lilikuwa linazama Ninahazwe alipofungua flati ya Madam Vera, kule Morningside. Bibi huyo alizikwa Jumamosi. Mwanawe anayeishi Cape Town alimwomba Ninahazwe, aliyemuuguza mama yake miaka miwili, azifungashe santuri zote: muziki wa Warusi, uliotungwa kwa dansi za jukwaani, zile alizozicheza Madam Vera enzi za usichana wake.

Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Hata robot ya kona, taa ya kuongozea magari, ilikuwa imezimika. Ninahazwe akachomoa waya wa gramafoni, akauviringisha, akainamia maboksi.

Nyuma yake, kitu kikakwaruza.

Krrr... krrr...

Santuri ilikuwa inazunguka. Violini zikaanza polepole, kama mtu anayenyata. Harufu ya dawa ya kuchua ikajaa chumbani. Na chini ya muziki, sauti kavu...

"Nina... maji."

Sauti ile aliijua; ni Madam Vera pekee aliyemwita Nina. Siku bibi alipofariki, Ninahazwe alikuwa kibarazani, anaongea kwa simu na dada yake wa Bujumbura, na maneno yamenoga. Madam Vera akaita mara moja, mara mbili. Ninahazwe akaingia sebuleni, akaongeza sauti ya santuri, akarudi kwenye simu yake. Muziki ulipokwisha, saa kumi na moja, alimkuta ameshakata roho. Alikaa naye saa nzima kwa woga kabla ya kumwita daktari, na kwa daktari alisema bibi amefia usingizini.

"Nina..."

Alikimbilia jikoni, akajaza glasi, akaiweka kando ya gramafoni.

Muziki ukakatika.

Hapo hapo, kabla moyo haujamgeuka, akampigia mwana wa marehemu.

"Nilimusikia akiita," alinong'ona. "Nilimusikia, na sikuenda."

Yule bwana akamjibu kwa upole kwamba asijitese bure, kwa maana mama yake alimpigia simu jioni ile ile aliyofariki, saa kumi na moja na nusu, naye alisikika mchovu tu.

"Aliniambia, 'Nina amekwenda kuniletea maji. Namngoja.'"

Saa kumi na moja na nusu siku ile, Ninahazwe alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, ameshika mkono uliokwishapoa. Simu ya Madam Vera ilikuwa pale mezani, mbele ya macho yake.

Hakuna aliyeigusa.