Muuguzi Aliyemchana Mama Nywele

"Kama si muuguzi wenu, basi ni nani anayemchana mama yangu nywele?" Nabiha aliuliza.

"Hapa hakuna anayechana mtu nywele," Sista Awino alijibu. Alikuwa amesimama katikati ya mlango wa wodi ya mahututi kama kabati. "Tunageuza wagonjwa, tunavuta makohozi, tunapima dawa. Ukitaka saluni, ziko tele mtaani Bondeni."

"Sikiza ulimi huo. Na Bwana Morris akiniuliza tena mbona siridhiki, nimwambie nini?"

Bwana Morris alikuwa mtu wa ofisini hapo hospitalini. Kazi yake ilikuwa kupita kwenye benchi la jamaa za wagonjwa na kuwauliza kwa upole kama wanaridhika na jinsi watu wao wanavyotunzwa. Asubuhi hiyo Nabiha alikuwa amemjibu wazi, na sasa akamrudia Awino maneno yale yale. Hawaelezwi lolote. Wakiuliza, wanajibiwa kwa kupandishiwa mabega. Mama yao, Bi Thureya, aliletwa na homa ya mapafu, akatiwa kooni mpira wa mashine ya kupumulia, na tangu hapo wanawe wamekuwa kama wageni mbele yake. Mwenye utu ni mmoja tu, yule mrefu asiyevua barakoa.

"Mrefu," Awino alisema. "Zamu ya mchana ni mimi na Griffins. Mimi mfupi, na Griffins ni mwanamume mwenye ndevu. Huyo mrefu umemtoa wapi?"

"Huo ni wivu. Nyinyi watu wa bara mwenzenu akisifiwa, chakula hakishuki."

"Na nyinyi wa Mji wa Kale mkiona mtu anafanya kazi, mnadhani ni mtumishi wenu. Ingia. Mmoja mmoja, na unawe mikono."

Nabiha alinawa, akavaa aproni, akaingia. Wodi nzima ilinuka spiriti, lakini penye kitanda cha mama yake palikuwa na harufu ya asumini, tamu, na chini ya utamu ule kitu kingine, kama maji yaliyolala mtungini siku nyingi. Nywele za Bi Thureya zilikuwa zimesukwa upya, zinang'aa mafuta. Yule mrefu alikuwa ameketi kando, chanuo mapajani.

"Ahsante, dadangu," Nabiha alinong'ona, kama alivyofanya kila siku.

Yule mrefu akainamisha kichwa. Kifuani pake kilikuwepo kikuba alichopewa na Nabiha siku za mwanzo, lile fungu dogo la asumini na majani ya mrehani ambalo wanawake wa mjini hujibandika. Kwao, mtu akikutunzia mgonjwa humwachi mkono mtupu. Nabiha alimbandika mwenyewe, akamwambia maneno ya adabu ambayo mtu yeyote wa kwao angeyasema: "Mama nimekukabidhi wewe. Ni wako."

Kikuba hunyauka siku hiyo hiyo. Hiki kilikuwa bado cheupe.

Nabiha akamtazama usoni. Upande wa pili wa wodi, barakoa ya Griffins ilikuwa ikifura na kunywea kila alipopumua. Ya yule mrefu ilikuwa imetulia, kama imevalishwa ukuta.

Akaushika mkono wa mama yake. Bi Thureya, macho amefumba, akauchomoa mkono wake, na mapigo ya moyo kwenye skrini yakaanza kukimbia. Yule mrefu akamwekea kiganja kwenye paji la uso. Mapigo yakashuka.

Nje, kaka yake Abdulbasit alikuwa benchini, tasbihi mkononi.

"Yule muuguzi wa mama, yule mrefu," Nabiha alimwambia kwa sauti ya chini. "Umewahi kusema naye?"

"Yupi? Mimi nikiingia nakuta kiti kitupu. Nikikikalia kina baridi, kama kimemwagiwa maji." Akavuta punje moja ya tasbihi. "Sikutaka kukwambia, dada. Griffins aliniita kwenye kioo cha wodi nikutazame. Ulikuwa wasema na kiti."

Jioni ile ile wakaenda Bondeni kwa Maalim Taib, mzee mwembamba aliyejulikana kwa kutoa majini na kwa kukosa subira. Aliwasikiliza bila hata kuwakaribisha kahawa.

"Wewe binti wagawa wazazi?" aliuliza.

"Nilisema kwa adabu tu, Maalim."

"Sisi twasema kwa adabu. Wao huchukua. Na kila siku ukamshukuru?"

"Kila siku."

"Basi kila siku ulimlisha. Wako watakao damu, wako watakao halua na marashi. Huyu ataka kuridhiwa. Penye watu walioudhika ndipo anapopata mlango." Akakohoa. "Kesho uingie, umwambie mbele ya mama yako kwamba humridhii. Kwa ulimi ule ule uliompa."

"Na mama akizidiwa?"

"Hapo utajua kama hao unaowatukana wanaijua kazi yao ama hawaijui."

Usiku ule Nabiha hakulala. Siku ya pili, baada ya sala ya alasiri, alisimama kando ya kitanda. Yule mrefu alikuwa anasuka. Asumini sasa ilinuka uozo mtupu.

"Sikuridhii," Nabiha alisema. Sauti ilitoka ndogo. "Sikuridhii, wala huduma yako siitaki. Mama yangu nimemtwaa."

Vidole vikasimama ndani ya nywele.

"Nimekosa nini, dadangu?" Maneno yalikuja pamoja na pumzi ya mashine, yakakatika ilipokatika, yakaendelea iliposukuma tena. "Wao walikufokea. Mimi nilikufokea lini?"

"Siitaki."

Yule mrefu akainua mkono, akashika barakoa kwa ncha za vidole, akaishusha polepole, na Nabiha, aliyekuwa amejiapiza asifumbe macho, akaona pua yake mwenyewe, na mdomo wake mwenyewe, na kile kidoa cheusi alichozaliwa nacho kidevuni, uso wake mzima kama auonavyo kiooni kila asubuhi, ila huu haukuwa na uchovu wala machozi, ulikuwa uso wa binti ambaye hajawahi kuchoshwa na mama yake hata siku moja, na uso ule ukamwinamia Bi Thureya ukambusu, na hapo hapo skrini ikaanza kulia, kiti kikawa kitupu, Awino akamsukuma Nabiha kwa kiwiko huku akimwita daktari, Griffins akaanza kukandamiza kifua kwa mikono miwili, na Nabiha akajikuta ukumbini, ameketi sakafuni, viganja vyake vinanuka maua yaliyooza.

Jua lilikuwa linatua Awino alipotoka, jasho limemlowesha mgongo.

"Moyo umerudi," alisema.

Nabiha akaudaka mkono wake, akaubusu. "Niwie radhi, Sista. Kwa yote."

"Nimekuwia radhi. Niachie mkono, bado nina wagonjwa."

Tangu hapo harufu ile haikusikika tena. Bwana Morris alipopita, Nabiha alimwambia anaridhika, akawataja Awino na Griffins kwa majina. Homa ikashuka. Madaktari wakasema mapafu yamepata nguvu, mpira unaweza kutolewa.

Asubuhi ya kuutoa, Nabiha alifika mapema na leso mpya ya mama yake kujifunga, akakaa benchini karibu na Abdulbasit, akiwaza neno la kwanza atakalomwambia. Mlango ukafunguka. Awino alikuwa ameshusha barakoa, na uso wake haukuwa na ukali wowote.

"Amesema?" Nabiha aliuliza, akiinuka.

Awino alitazama nyuma, wodini, kisha akauvuta mlango ukabaki wazi kidogo tu.

"Amesema. Nimemwonyesha wewe kwenye kioo cha wodi, akashikwa na hofu. Anasema huyo ndiye mwanamke aliyemfukuza binti yake."