Bima ya Mgeni

Bakuli lilitoka kwenye boksi likiwa zima, na hapo ndipo Hye-jin aliposhtuka. Lilikuwa na ufa tangu mwaka wa harusi, ufa alioupitishia kidole kila alipoosha vyombo, na sasa kidole kiliteleza tu. Akalinusa. Lilitoa harufu ya udongo mbichi.

"Labda wahamishaji wamelivunja, wakaleta jingine kimyakimya," alisema mumewe, Dong-uk, aliyekuwa amejitupa sakafuni katikati ya maboksi. "Si ndiyo bima yenyewe? Tulia, mke wangu. Agiza tambi za mchuzi mweusi, njaa inaniua."

Hye-jin alitaka kutulia, ila alijua walivyohama. Pale Daegu, mji wao wa Korea, mtu mwenye akili zake hahami siku yoyote tu. Kuna pepo wanayemwita Mgeni, anayezunguka pande za dunia kwa kufuata mwezi, na ukihama kuelekea upande aliko, unaingia naye mlangoni. Siku chache hupanda mbinguni kupumzika. Siku hizo ndipo watu wote huhama, na wenye malori hupandisha bei bila haya. Hye-jin akaona huo ni wizi mtupu. Alihama kwenda kusini siku ambayo Mgeni naye yuko kusini, na kwa pesa alizookoa akakata bima kubwa kuliko zote: chochote kitakachovunjika kitalipwa kwa kipya kinachofanana nacho.

Mama mkwe wake, Bi Maeng, alikuwa amekuja kusaidia kufunga mizigo, na alipolisikia hilo aliacha kufunga.

"Mwanangu, umekatia bima mpaka vijiko. Na Dong-uk je, umemkatia?"

"Mama nawe! Huyo Mgeni wako aje tu," Hye-jin alicheka, akipaza sauti makusudi ili ivume katika vyumba vitupu. "Avunje anachotaka, mradi alipe kipya. Kila kilicho changu kina bima."

Bi Maeng alimrukia akamziba mdomo kwa kiganja, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

Baada ya bakuli likafuata birika, kisha kioo cha kabati. Kila mara ulisikika mpasuko kutoka kibaraza cha kufulia, Hye-jin alikimbia, hakuona kitu, na aliporudi alikuta kile chombo mahali pake, kizima, kinang'aa, kikinuka udongo. Jambo la kusikitisha ni kwamba mwanzoni alifurahi. Nani asingefurahi kuona birika lililoungua likirudi kama la dukani?

Jumamosi moja mchana, mvua ikinyesha, Dong-uk alienda kibarazani kuanua nguo. Hye-jin alikuwa akikata vitunguu aliposikia kishindo kizito, si cha kauri safari hii, kishindo cha kitu kinene kilichoangushwa na kuvunjwa taratibu, kipande baada ya kipande, na harufu ya udongo ikaja ikamjaa puani mpaka akashindwa kuita, akabaki ameshika kisu, akiuangalia mlango wa kibaraza ukifunguka polepole, na mumewe akitoka na nguo mkononi huku akitabasamu, na kovu la ajali ya pikipiki lililokuwa chini ya kidevu chake halikuwepo.

"Dong-uk," alinong'ona. "Kidevu chako."

"Kina nini?" Alikipapasa. "Kizuri, eh?"

Hakukoroma tena. Mafua yake ya kila siku yalimwacha. Alikuwa mpole kuliko siku zote, akiosha vyombo bila kuambiwa, na Hye-jin aliogopa upole ule. Alimpenda mumewe na mikoromo yake yote, na alimtaka yule wa zamani.

Akamleta mganga, Mama Tak, mume akiwa kazini. Mganga alirusha chumvi na kunde nyekundu kila pembe, akagonga kengele yake, kisha akaingia kibarazani na kuchungulia nyuma ya mashine ya kufulia. Alikaa huko muda. Aliporudi alikuwa amekauka midomo.

"Binti, usiende huko."

"Mtoe, Mama. Nakuomba. Mtoe!"

"Kumtoa naweza. Ila Mgeni akitoka huondoka na vyake vyote, hata huyo unayelala naye. Vyako vitabaki kama vilivyo kule nyuma." Alimshika mkono. "Na kule nyuma hakuna cha kuunga, mwanangu."

"Kwa hiyo nikikutuma umfukuze, nabaki mjane?"

"Mjane umeshakuwa."

Hye-jin alilia kwa sauti, akapiga sakafu kwa ngumi. Mganga alimsubiri aamue. Hye-jin alipoinuka, alimfungulia mlango na kumpa viatu vyake, na Mama Tak akavivaa bila kumtazama.

Jioni walikaa mezani wawili, wali ukitoa mvuke. Yule aliyekuwa na sura ya Dong-uk alimwekea kipande kikubwa cha samaki juu ya wali wake, kama mume mwema anavyofanya.

"Goti la mama bado linamtesa?"

"Linamtesa," alijibu kwa sauti ndogo.

"Kashachakaa, maskini. Mwite aje akae nasi. Atakuwa mpya."

"Hapana. Mama muache. Nakusihi."

Hakukasirika. Alinyoosha mkono, mkono wenye joto, akampapasa mgongoni, akashuka nao taratibu hadi kiunoni, pale palipokuwa pakimuuma tangu walipobeba maboksi.

"Sawa," alisema kwa upendo. "Basi tuanze na wewe."

Nyuma ya mlango wa kibaraza kitu kilijikokota sakafuni, kikatulia, kama kilichosogea kumpisha mwingine.

Hye-jin alichukua simu. Alilitafuta jina la mama mkwe, na Bi Maeng alipopokea, alijitahidi sauti yake iwe ya furaha.

"Mama," alisema, "mwanao kakukumbuka. Njoo ule nasi."